Sheria Haina Dada

Tena kwa kipaza chake mwenyewe, shoga! Jina lake, la baba yake na la babu yake, mbele ya ukumbi mzima, na mimi ndiye niliyelitangaza! Mimi! Na sauti, weee, sauti ilitoka kama nimezaliwa nauza samaki!

Ngoja. Ngoja nikae, nishushe pumzi, nianze vizuri, maana nikikuelezea vipande vipande utanikatiza na maswali yako na mimi leo sina muda. Kuna mtu sebuleni. Nitafika huko.

Unamjua Mwenyekiti wa kamati ya maambukizi, yule tunayemwita Bwana Kipaza. Ndiye aliyeanzisha mtindo wa lile gari jeupe lenye spika juu. Zamani mtu akigundulika alikaa karibu na mgonjwa, alipigiwa simu, akaambiwa polepole, akabaki kwake. Bwana Kipaza akasema huko ni kubembelezana. Maambukizi yakipanda, akasema, na aibu ipande. Basi gari likawa linakuja mpaka mlangoni kwako, linataja jina lako mtaa mzima usikie, unatoka na mfuko mmoja, unapelekwa hosteli ya kile chuo cha ufundi kilichofungwa. Wiki mbili. Hakuna kuaga.

Mama yangu alichukuliwa hivyo. Mama, fundi cherehani, mtu ambaye hata akiomba chumvi kwa jirani ananong'ona. Kosa lake lilikuwa kumpima mteja gauni, na mteja akaja kuugua. Gari lilimkuta na tepu shingoni na pini mdomoni, akatoka na pini zake hivyo hivyo kwa sababu hakujua azitemee wapi mbele ya watu wote wale. "Majirani, kaeni mbali!" likasema gari. Na majirani wakakaa mbali kweli, hata baada ya kurudi kwake mzima kama kigongo. Mteja mmoja alipiga simu kusema kitambaa chake kichomwe tu, hakitaki tena.

Hayo tungeyameza. Lisilomezeka ni la mama mdogo.

Mdogo wake mama, kitinda mimba wao, yule aliyenifundisha kusuka nywele na kutukana. Alianguka kwa presha mama akiwa hosteli, na kesho yake akazikwa. Mama hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi, kipimo chake kilikuwa safi. Aliomba apelekwe na gari lile lile la spika, asishuke, aangalie kaburi kupitia kioo, basi. Mimi ndiye niliyekwenda ofisini kumwombea. Nilipiga magoti, shoga. Mimi, unayenijua nilivyo! Bwana Kipaza alikuwa anakunywa chai. Hata kikombe hakukiweka chini.

"Binti," akasema, "sheria haina dada."

Na akapendezwa na maneno yake, maana wiki ile ile nikamsikia anayarudia redioni, mtangazaji anacheka hihihi.

Pale nikaapa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikasema sawa, nitaingia nguoni. Mama alipotoka tu nikakitoa cheti changu cha afya ya jamii kabatini, nikaenda kuomba kazi kwa huyo huyo. Wakanichukua niwe mfuatiliaji. Kazi yenyewe: majibu ya maabara yanakuja kwenye simu yangu, nampigia mgonjwa, nauliza alikaa na nani, alikula na nani, kisha majina nampa dereva wa gari la spika.

Na unajua nini? Bwana Kipaza hakunikumbuka! Mtu aliyempigia magoti miguuni pake, sura yangu ilimpita kama sura ya mlango. Hapo ndipo nilipomchukia kwa utulivu. Kila asubuhi nikawa namwekea chai yake, sukari mbili na tabasamu juu. Dereva akaniuliza, "We dada, huyu mzee unampenda nini?"

"Kama kuku anavyopendwa na mwenye kisu," nikamwambia. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Mama naye alininunia. "Utakula mshahara wa mtu yule?"

"Nitaula mshahara, mama, na yeye nitamla."

"Usiniletee balaa," akasema, lakini hakunikataza. Nilimwona. Alikata uzi kwa meno na hakunikataza.

Sasa jana. Maambukizi yamepanda tena, watu wamechoka, wenye maduka wananung'unika, basi wakubwa wakaamua kuwe na mjadala wa wazi: je, mtindo wa kipaza na hosteli uendelee au ufutwe? Ukumbi wa manispaa, madirisha yote wazi, viti vimeachana, kila mtu na barakoa yake, redio inarusha moja kwa moja. Bwana Kipaza mezani mbele peke yake, barakoa kidevuni ili asikike. Mimi pembeni karibu na mlango, simu mapajani.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenye duka la viatu. "Mnanifungia saa kumi jioni. Hicho kirusi kinatoka kazini saa ngapi?" Ukumbi ukavunjika mbavu.

Akafuata muuguzi wa hospitali kubwa, mama mnene mwenye miwani. Hakucheka. "Chekeni tu," akasema. "Wodini kwangu wanalala wawili kitanda kimoja, mmoja kichwani mmoja miguuni. Wiki hii nimewafumba watu macho mpaka vidole vimezoea. Nyie mnajadili kipaza, mimi natafuta mtungi wa hewa." Kimya. Hata feni ilisikika.

Bwana Kipaza akadaka kimya kile kama mpira. "Mmesikia? Ugonjwa hauna adabu, sasa sisi adabu ya nini? Anayetajwa hadharani hatoroki. Nitalifuta gari siku kirusi kitakaponiandikia barua ya kujiuzulu." Wakampigia makofi, shoga. Anajua kuongea, hilo sitamnyima.

Na makofi yakiwa bado yanaendelea, simu ikatetemeka mapajani mwangu.

Maabara. Jibu la Katibu wake. Katibu, ambaye asubuhi ile aliomba ruhusa, kifua kinambana. Anao.

Na mimi nilijua, kwa sababu Bwana Kipaza mwenyewe alikuwa amejisifia mbele yangu huku anakunywa chai, kwamba juzi alikwenda na Katibu kuchukua suti. Suti ya harusi ya binti yake, harusi ya kesho, yaani ya leo! Gari moja, vioo juu, kiyoyozi kinapuliza, wanakula karanga mfuko mmoja, kwenda na kurudi. Kwa sheria yoyote duniani, na kwa yake zaidi, yule mzee alikuwa mtu wa hosteli.

Chuoni nilifundishwa: mwite pembeni, mwambie kwa heshima. Sheria yake yeye inasema: tangaza papo hapo. Mimi sikufanya hata moja. Niliigeuza simu kifudifudi. Kwa sababu mama yangu alikuwa kwenye foleni ya maikrofoni, wa tatu kutoka mbele, kajifunga kitenge chake kizuri, na nilitaka asikilizwe kwanza. Muda ule niliuiba, na sijutii.

Mama akafika. Akainama kwenye maikrofoni kama anaipima.

"Mimi ni fundi cherehani," akasema. "Muuguzi kasema, nimemsikia. Kutengwa sipingi. Napinga kipaza. Hivi kirusi kina masikio?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Nilikuomba nimzike mdogo wangu kupitia kioo, Mwenyekiti. Kioo. Sikuomba hata mlango. Nakuuliza mbele ya watu: ingekuwa ni wewe?"

Na Bwana Kipaza, Mungu amweke, akasimama! Akaweka mkono kifuani! "Mama, pole sana. Lakini ingekuwa ni mimi, basi nitangazwe kwa sauti kubwa kuliko wote waliowahi kutangazwa. Sheria haina dada, mama."

Baadhi wakapiga tena makofi. Mama akarudi kukaa kama mtu aliyerudishiwa nguo aliyoshona usiku na mchana, akaambiwa haikumkaa mteja.

Mimi huyo nje.

Dereva alikuwa ameegemea gari anachokonoa meno. "Nipe kipaza cha mkono," nikamwambia.

"Nani tena?"

Nikamwambia nani. Kijiti kikamdondoka. Akanitazama, akatazama mlango wa ukumbi, akaingiza mkono garini akanipa. "Betri mpya hizo," akasema. "Nimeweka leo."

Nikaingia katikati ya ukumbi, nikabonyeza, nikaanza yale maneno aliyoyatunga mwenyewe na kutukaririsha. Majina yake matatu. "Umegusana na mgonjwa! Simama ulipo! Chukua mfuko mmoja! Majirani, kaeni mbali!"

Shoga, viti vililia. Watu wa safu ya mbele walirudi nyuma kwa pamoja kama maji kwenye beseni lililoinamishwa. Na yeye akawa anatafuta kwa macho huyo anayetajwa yuko wapi, nakuapia, alikuwa anamtafuta mtu mwingine! Jina likachukua muda kumfikia.

"Binti," akasema, na barakoa ikapanda haraka haraka. "Njoo tuongee pembeni."

"Pembeni hakuna, Mwenyekiti." Kwa kipaza bado.

"Kesho namwoza mwanangu. Unalijua hilo. Mimi ndiye baba, mama yake alishafariki. Nitakaa kwangu, nitajifungia, nitaangalia hata kupitia dirishani."

Mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti: "Sheria haina dada!"

Mwingine: "Wala bibi harusi haina!"

Wakashika. Ukumbi mzima, wazee kwa vijana, wanaimba: haina dada, haina dada. Muuguzi akasimama anapunga mikono. "Jamani, kitaalamu nyumbani kwake kunatosha! Avae barakoa, akae chumba chake! Binti, wewe umesoma, waambie!" Kweli nimesoma. Kweli kunatosha. Nikanyamaza, kipaza kimeshuka pajani, na nikamwangalia mama. Mama alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, haimbi na wala hawanyamazishi wanaoimba.

Bwana Kipaza naye akamtazama mama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa mimi ni mtoto wa nani. "Wewe," akaniambia, taratibu. "Ulikuja ofisini. Ulipiga magoti."

"Karibu tena kumbukumbu," nikamjibu.

Akaingia garini. Dereva akamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote, na njia nzima, bila kutumwa na mtu, akalifungulia spika.

Na mjadala haukuishia hapo! Alipoondoka tu wakakubaliana, muuguzi na mwenye duka la viatu na wote: kipaza basi, hosteli basi, watu wakae majumbani mwao wakikaguliwa. "Kuanzia wiki ijayo," akapendekeza mwenye duka, macho yanamcheka juu ya barakoa. "Waliomo ndani wamalize zamu zao." Mikono ikanyanyuka kama msitu. Aliyemo ndani alikuwa mmoja.

Haya, leo.

Asubuhi nikampelekea uji na kipimajoto. Chumba cha chini, vitanda vya chuma vya ghorofa, soketi zote zimekufa. Jana alishinda anapiga simu kwa kila mkubwa anayemjua mpaka chaji ikamwishia, na wakubwa wenyewe, unawajua, wote walikuwa kikaoni. Hana homa. Amevaa ile suti. Dereva alipompitisha kwake kuchukua mfuko mmoja, ndiyo aliyoitia. Shoga, alivaa ile suti! Ya kijivu, na tai, kakaa ukingoni mwa kitanda kichwa kimeinama maana kitanda cha juu kinamgonga. Nikataka kucheka, kicheko kikaja mpaka hapa, kikakaa.

Mama akaniambia, "Mchana nitakwenda na wewe." Akavaa nguo nyeusi. Ile aliyojishonea hosteli kwa mkono, bila cherehani, akidhani watamwonea huruma, na hakuipata siku ya kuivaa.

Tukafika wakati harusi inaanza. Mama akaweka kigoda chini ya dirisha, hatua kadhaa nyuma, akakaa. Hakusalimia. Bwana Kipaza akashika nondo.

"Dada yangu," akasema. Dada yangu! "Dada yangu, najua. Kila kitu najua. Unitukane ukitaka. Ila nisaidie simu nimwone mwanangu. Namba yake naijua kwa kichwa."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mpaka nilie. Mama akatoa simu yake kifuani. "Itaje," akasema.

Akataja. Ikaita. Ikapokelewa na shangazi mtu, picha ikatulia: bibi harusi yuko mlangoni, shela usoni, watu wachache walioruhusiwa wamemzunguka. Mama akainyanyua simu juu usawa wa nondo. Binti akaiona sura ya baba yake na akaivuta simu ya shangazi usoni kwake. "Baba! Nakungoja wewe. Sema, ndipo niingie."

Yule mzee akafumba macho, akanyoosha mkono nje ya nondo, akafungua mdomo.

Na mama akabonyeza kitufe chekundu.

Sijakwambia bado kilichotokea siku ya mama mdogo. Mimi nilikuwa makaburini nimeshika simu, mama yuko hosteli anasikiliza, na walipofika kwenye maombi ya mwisho simu yangu ikazima. Sikuwa nimeichaji, nilikuwa nakimbia huku na huku tangu alfajiri. Mama hakuwahi kunilaumu. Kumbe alikuwa ameliweka moyoni.

Lakini sikiliza hapa. Bwana Kipaza hakujua kama imekatika! Macho kayafumba, mkono umenyooka hewani, akaendelea. Akambariki mwanae yote. Maneno ambayo marehemu mkewe alimwachia amwambie siku hii, yaani mama mtu alipokuwa kitandani anakufa alimwachia mumewe maneno, ayatunze, ayatoe mlangoni siku ya ndoa. Akayasema moja baada ya jingine, polepole, mpaka mwisho. Mimi na mama tukayasikia. Sisi wawili tu, na kioo cheusi cha simu.

Akafumbua macho. "Amesemaje?" akauliza. "Analia?"

"Chaji imekwisha, Mwenyekiti," akasema mama. Akakunja kigoda, akakung'uta nguo yake nyeusi, akaondoka. Simu ilikuwa imejaa, nimeona kwa macho yangu.

Njia nzima mimi nacheka na kuruka kama mwehu: "Mama, umemmaliza! Umemzika bila jeneza!" Nyumbani mama akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona kitu. Nikachungulia: anapitisha kwenye kitambaa sindano isiyo na uzi. Anakanyaga tu, anakanyaga, tobo tupu.

Ndipo mlango ukagongwa, na hapa ndipo ninapotaka ushike kiti. Jua bado halijazama. Nafungua, naona gauni jeupe! Bibi harusi! Gauni kalishika kwa mikono miwili lisiburute vumbi, barakoa usoni, wanja umemshuka mpaka shavuni. Bwana harusi kabaki kwenye gari barabarani, taa zinawaka, haelewi kitu.

"Shikamoo mama," akasema, akanipita mimi kama sipo. "Nimeulizia mwenye namba hii nikaelekezwa hapa. Ni wewe uliyemshikia baba simu?"

Mama akasimama. Nguo nyeusi, na yule nyeupe. "Marahaba. Ni mimi."

"Mungu akubariki. Watu wote wamemkimbia, wewe umekwenda." Shoga, nilitamani ardhi inimeze! "Imekatika akiwa ndiyo anafungua mdomo. Nikaingia ndani hivyo hivyo, nikafunga ndoa bila neno. Nimekwenda hosteli, walinzi wamenifukuza getini. Kuna maneno mama yangu aliniachia. Sijawahi kuyasikia, baba aliyaweka kwa ajili ya leo. Nakuomba, kama alisema chochote, hata kimoja, niambie."

Mama alikuwa anamtazama yule binti begani, mshono wa gauni ulipovutika, kama vile akili yake imekimbilia mahali inapopajua. Halafu akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo na mama yangu.

"Toka nje," akaniambia.

"Mama, lakini..."

"Toka, na mlango ufunge." Akavuta kile kigoda, akamwekea bibi harusi akae.

Sasa niko huku uani, sikio limebandikwa ukutani mpaka limepoa. Mama anaongea. Sauti yake ni ile ya kuomba chumvi, siisikii, na sijui anamwambia yale maneno, au anamwambia kitufe alikibonyeza nani, au yote mawili. Kuna mtu analia humo ndani na siwezi kujua ni yupi kati yao. Ee, ameniita! Shoga, nakata, naingia. Kesho usiende popote mpaka nije, hata kama nitakukuta bado umefunga khanga ya kulalia, maana nikiyabeba haya peke yangu mpaka mchana nitapasuka.